Nahodha wa Kigombe anauliza: nani kaliona hilo shimo jeusi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni nahodha wa mashua ya dagaa hapa Kigombe, Tanga. Kijana wangu wa kidato cha tatu amenionyesha kwenye simu picha ya duara la rangi ya moto, anasema hilo ndilo shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu. Nikamuuliza, ikiwa mwanga wenyewe hautoki humo, hiyo picha wameipigaje? Na huko mbali kote, nani kaenda? Mimi nasema huenda ni rundo tu la nyota zilizozimika. Tumebishana mpaka mama yake akatutimua barazani. Tusaidie. Na je, siku moja litatumeza?

JIBU: Marahaba, nahodha. Kijana yuko sahihi kwamba kitu hicho kipo, ila amekuletea ushahidi mwepesi kuliko wote alionao. Picha ile ilitangazwa tarehe 12 Mei 2022. Kufikia siku hiyo uzito wa kitu hicho ulikuwa umeshajulikana kwa karibu miaka ishirini, na watu wawili walikuwa wameshapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2020. Ukiifuta picha leo kwenye simu zote za dunia, hoja haipungui kitu. Na swali lako la rundo la nyota zilizozimika usilione dogo. Wataalamu walijiuliza hilohilo miaka na miaka, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kulijibu.

Tuanze na mahali penyewe, maana anga unalijua kuliko mimi. Msimu wa kusi, mwezi wa nane, giza la mwezi, mnamo saa tatu usiku, geuka kusini kama unayekwenda Pangani kisha inua macho juu sana. Utamwona Nge na mkia wake uliojikunja, na nyuma yake Kausi, ambayo wengine huiita Mshale. Ule ukanda mweupe unaokatiza anga hunenepa hapo kuliko popote. Kitovu cha galaksi kiko ndani ya Kausi, karibu na mkia wa Nge. Ikifika Disemba, kaskazi ikivuma, Jua lenyewe linakuwa limesimama upande huo, kwa hiyo hakionekani kabisa. Kutoka hapa hadi huko ni karibu miaka 27,000 ya mwanga: mwanga unaofika leo uliondoka huko kabla binadamu hajalima shamba la kwanza.

Kwa macho hutaona kitu chochote cha ajabu. Zile sehemu nyeusi ndani ya ukanda mweupe zina vumbi. Vumbi hilo limejaa katikati yetu na kitovu, na linazuia mwanga wa kawaida kiasi kwamba katika kila chembe trilioni moja za mwanga zinazoelekea kwetu, inapita kama moja tu. Mwanga wa infraredi, ule ambao jicho halioni ila ngozi huuhisi kama joto, hupenya vizuri zaidi: katika kila chembe kumi inafika kama moja. Mawimbi ya redio ndiyo hayajali vumbi kabisa. Ndiyo maana habari hii yote imeandikwa kwa redio na infraredi.

Wa kwanza kusikia kitu alikuwa mhandisi wa Marekani, Karl Jansky. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akitafuta kinachotia mikwaruzo kwenye simu za redio zinazovuka Bahari ya Atlantiki. Akapata ngurumo za radi za karibu, akapata za mbali, na akapata mvumo mmoja mdogo usiokoma. Mvumo huo ulikuwa unafika kileleni dakika 4 mapema kila siku. Wewe hapo umeshaelewa, kwa sababu ndivyo nyota zinavyochomoza: leo dakika 4 mapema kuliko jana, baada ya mwezi saa mbili mapema. Basi mvumo haukutoka duniani wala kwenye Jua. Ulitoka kwenye nyota, upande wa Kausi. Mwaka 1974 Bruce Balick na Robert Brown, kwa darubini za redio za Green Bank huko Marekani, walikuta kwamba ndani ya eneo hilo kuna nukta moja ndogo mno inayotoa redio. Baadaye ikaitwa Sagittarius A*. Miaka mitatu kabla yao, wanasayansi wawili wa Uingereza, Donald Lynden-Bell na Martin Rees, walikuwa wameshaandika kwamba huenda galaksi yetu ina shimo jeusi kitovuni.

Ila nukta ya redio haithibitishi kitu. Nyota iliyolipuka nayo hutoa redio. Ilibidi nukta ile ipimwe uzito.

Unapimaje uzito wa kitu usichokiona? Fikiria usiku mnavua dagaa, mashua ya taa imekaa katikati na mashua ya wavu inaizunguka. Mwenye taa akiizima, mtu aliyekaa pwani akiona kataa kadogo tu ka mashua ya wavu kakizunguka, atajua katikati pana chombo na atajua kiko wapi. Kwenye anga unapata na zaidi: kasi ya anayezunguka inakwambia uzito wa kilicho katikati, kwa sababu bila uzito wa kumvuta angenyoosha moja kwa moja akapotea.

Kazi hiyo ilifanywa na makundi mawili yaliyokuwa yakishindana, na ushindani wao umetufaa sana. La kwanza liliongozwa na Reinhard Genzel wa Ujerumani, likianza mwaka 1992 kwa darubini za Ulaya zilizoko Chile. La pili liliongozwa na Andrea Ghez wa Marekani, likianza mwaka 1995 kwa darubini za Keck zilizo juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii, zenye kioo cha upana wa mita 10. Kila kundi lilikuwa na darubini zake na hesabu zake, na lingefurahi kulikuta jingine limekosea. Majibu yao yakafanana.

Tatizo lao kubwa lilikuwa hewa. Nyota zinavyometameta ukiwa baharini inapendeza kuziangalia, ila kwa mpimaji ni balaa: nukta inacheza, inavimba, inagusana na jirani yake. Mwanzoni walipiga picha fupifupi kwa maelfu na kuzipanga moja juu ya nyingine. Baadaye ikaja mbinu ambayo mimi bado inanishangaza. Wanarusha mwali wa leza angani kutengeneza nyota ya bandia, wanaangalia hewa inavyoichezesha nyota hiyo, kisha wanakikunja kioo chembamba cha darubini mamia ya mara kwa sekunde ili kuufuta mchezo huo. Nyota zikatulia zikawa nukta. Wakaanza kuzifuata, mwaka baada ya mwaka.

Maarufu kuliko zote ni moja ambayo kundi la Genzel linaiita S2 na la Ghez linaiita S0-2. Kwenye anga njia yake yote haifiki sehemu moja ya elfu saba ya upana wa mwezi mpevu, lakini inapimika. Ni duaradufu, yaani duara lililobanwa kama yai, iliyovutika sana, na nyota inaimaliza kwa miaka 16. Walipoanza kuiangalia walikuwa hawajui kama wataishi kuiona ikimaliza duru. Mwaka 2002 ikapita karibu kabisa na kitovu, ikageuza, ikarudi. Mei 2018 ikapita tena mahali palepale, safari hii ikisubiriwa na vifaa bora zaidi.

Sasa mwite kijana aje na kikokotoo cha simu, hesabu hii mnaiweza. Kanuni ni ya Johannes Kepler, ya miaka 400 iliyopita, na Newton ndiye aliyeipa sababu. Chukua umbali wa wastani kati ya kinachozunguka na kinachozungukwa, uupime kwa kizio cha umbali wa Dunia hadi Jua, ambao ni kilomita milioni 150. Uzidishe kwa wenyewe mara tatu. Chukua miaka ya duru moja, izidishe kwa yenyewe mara mbili. Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Jibu ni uzito wa kilicho katikati, kwa hesabu ya Majua.

Jaribuni kwanza kwa Mshtarii, ile sayari kubwa. Umbali wake ni 5.2, duru yake miaka 11.86. Tano nukta mbili kwa yenyewe mara tatu inatoa 140.6. Kumi na moja nukta themanini na sita kwa yenyewe mara mbili inatoa 140.7. Gawanya: moja. Katikati pana Jua moja, kweli kabisa. Kanuni imefaulu kwa kitu unachokijua.

Sasa S2. Umbali wake wa wastani ni kama 1,030. Kwa wenyewe mara tatu: bilioni moja na milioni tisini na mbili. Duru yake miaka 16, na kumi na sita kwa yenyewe mara mbili ni 256. Gawanya.

Mtapata milioni nne na laki mbili na ushee. Wataalamu, wakiweka desimali zao zote, wanasema karibu milioni 4.3. Majua milioni nne na zaidi, mahali ambapo darubini haioni nyota yoyote ya kuubeba uzito huo. Na S2 si peke yake. Nyota makumi kadhaa zimeshachorewa njia zao, zikiwa zimelala kila upande, na zote zinazunguka nukta ileile kwa uzito uleule. Nukta hiyo, ilipolinganishwa kwa kutumia nyota zinazoonekana kwa redio na kwa infraredi pia, ikakutwa ni ileile ya Balick na Brown.

Hapo ndipo rundo lako la nyota zilizozimika linapoanza kupata taabu. Swali si uzito tu, ni nafasi. S2 inapokaribia kabisa inakuwa umbali wa mara 120 wa Dunia hadi Jua, yaani mara nne tu ya umbali wa sayari Neptune, na hapo inakwenda kilomita kama 7,700 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ungeizunguka Dunia yote kwenye ikweta kwa sekunde tano na kidogo. Haikugonga kitu, haikuyumbishwa na jirani. Nyota nyingine, S29, ilipita karibu zaidi mwezi Mei 2021, mara 90 tu ya umbali wa Dunia hadi Jua, nayo ikatoka salama. Basi Majua milioni nne yamebanwa ndani ya nafasi hiyo. Ukizibana nyota zilizozimika hivyo hazitatulia: zitavutana, zitagongana, baadhi zitarushwa nje na nyingine zitaporomokea katikati. Hesabu zinaonyesha rundo la namna hiyo lisingedumu zaidi ya miaka laki chache. Galaksi yetu ina zaidi ya miaka bilioni kumi. Tungekuwa tumebahatika mno kulikuta, na hata likiisha, linaishia kuwa shimo jeusi.

Kuna hoja nyingine ninayoipenda zaidi kwa sababu haina mlango wa kutorokea. Kwa mujibu wa Einstein, duaradufu ya nyota inayopita karibu na uzito mkubwa hairudi mahali palepale kila duru. Inageuka kidogo kwenda mbele, upande uleule nyota inakozungukia. Ila kama uzito ungekuwa umetawanyika, rundo badala ya nukta, nyota ingepita katikati ya rundo hilo na duaradufu ingegeuka kwenda nyuma. Ni upande wa mgeuko unaoamua kesi. Mwaka 2020 kundi la Genzel likatangaza: njia ya S2 inageuka kwenda mbele, karibu dakika 12 za nyuzi (sehemu moja ya tano ya nyuzi moja) kwa kila duru, kiasi kilekile alichotabiri Einstein. Kama kuna vitu vingine vilivyotawanyika ndani ya njia ya S2, vyote pamoja havizidi kama sehemu moja ya elfu ya uzito wote. Kabla ya hapo, S2 ilipopita mwaka 2018, mwanga wake ulikuwa umevutwa kuelekea rangi nyekundu kupita kiasi ambacho Newton angeeleza, kama ipasavyo mwanga unaopanda kutoka penye uvutano mkali.

Halafu kuna utulivu. Nyota za pale zinakimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde, lakini nukta ya redio yenyewe, ukishaondoa mwendo wa Jua letu, haisogei juu wala chini kwa zaidi ya kilomita moja hivi kwa sekunde. Kitu chepesi pale kingesukwasukwa na majirani. Hiki kimekaa.

Na bado ni kidogo mno. Mwaka 2018 kifaa kiitwacho GRAVITY, kinachounganisha darubini nne kubwa za Chile zifanye kazi kama moja, kiliona miale ya ghafla ya gesi ya moto ikizunguka nukta hiyo kwa asilimia kama 30 ya kasi ya mwanga, duru moja ikichukua chini ya saa nzima. Shimo jeusi la uzito huu linapaswa kuwa na upana wa kilomita kama milioni 25, kiasi cha kuingia lote ndani ya njia ya sayari Zebaki na nafasi ikabaki. Gesi ile ilikuwa inazunguka pembezoni kabisa, mara chache tu ya ukubwa huo.

Baada ya yote hayo, ndiyo picha ya kijana. Unauliza wameipigaje. Shimo lenyewe hawakulipiga. Wamepiga gesi ya moto inayolizunguka. Mwanga wa gesi hiyo unapindwa na uvutano, na ule unaopita karibu mno unapotea, kwa hiyo katikati panabaki kivuli. Nadharia inasema kivuli kiwe na upana wa mara mbili na nusu hivi ya shimo, yaani kilomita milioni 60 na ushee. Walichokifanya ni kuziunganisha darubini nane za redio zilizoko Chile, Uhispania, Meksiko, Hawaii, Arizona na Ncha ya Kusini, zote zikaangalia kwa pamoja mwezi Aprili 2017. Data zilikuwa nyingi mno kutumwa kwa intaneti. Zilisafirishwa na ndege zikiwa kwenye diski. Za Ncha ya Kusini zikasubiri miezi kadhaa mpaka majira ya baridi yaishe, maana ndege haziendi huko wakati huo. Duara walilopata lina ukubwa uliotarajiwa kutokana na uzito wa S2. Makundi mawili yalipima kwa nyota, la tatu likapima kwa redio, na namba zikakutana.

Picha ya shimo la galaksi nyingine, M87, ilitoka mapema zaidi, mwaka 2019, ingawa liko mbali sana kuliko letu. Lile ni kubwa zaidi ya mara elfu moja, na gesi yake inachukua siku kuzunguka, hivyo inatulia ipigwe. Letu gesi yake inabadilika ndani ya dakika, umbo halikai usiku mmoja. Na rangi ile ya moto imepakwa na watu. Mawimbi ya redio hayana rangi. Mwaka 2024 watafiti fulani wa Japani walizichambua upya data zilezile na wakasema umbo la duara huenda limetokana na namna data zilivyochakatwa. Mabishano ya aina hiyo ni ya kawaida, na ndiyo sababu nimekwambia tangu mwanzo usiiegemee picha. Afrika Mashariki hatukuwa na darubini katika kazi hiyo, lakini Afrika Kusini ina MeerKAT, sahani 64 jangwani Karoo, nayo imechora kwa redio ramani nzuri mno ya eneo lote linalozunguka kitovu.

Kitu kimoja mwambie kijana wako, maana pointi hiyo ni yako. Kamati ya Nobel iliposoma sababu ya kuwapa tuzo Genzel na Ghez, haikutamka shimo jeusi. Ilisema wamegundua kitu kilichobanana chenye uzito mkubwa mno katikati ya galaksi. Neno la shimo jeusi walilitumia kwa Roger Penrose, aliyegawana nao tuzo, kwa hesabu zake za kuonyesha kwamba mashimo hayo ni matokeo ya lazima ya nadharia ya Einstein. Ni uangalifu wa kisheria kidogo. Kilichopimwa ni uzito na ukubwa. Kwamba hakina uso, kwamba kinachoingia hakirudi, hilo hufikiwa kwa hoja. Na hoja yenyewe ni hii: gesi inayoangukia kwenye kitu chenye uso ingepata joto na kuufanya uso huo ung'ae. Pale hapang'ai. Kitu chenye uzito wa Majua milioni nne kinatoa mwanga wa Majua mia chache tu. Wapo wanafizikia wanaojaribu bado kubuni vitu vingine vya ajabu vinavyoweza kufanana na shimo, na waendelee, lakini vitu hivyo vimebuniwa karatasini tu na hakuna aliyewahi kukikuta kimoja.

La kumezwa lisikunyime usingizi. Shimo jeusi halifyonzi. Kwa mbali linavuta kama kitu kingine chochote cha uzito huo. S2 yenyewe inapita pale kila miaka 16 na inaondoka, na mwaka 2034 itapita tena. Kati ya 2011 na 2014 kulikuwa na kelele nyingi kuhusu wingu liitwalo G2, magazeti yakasema tutashuhudia shimo likila. Likapita, likaendelea na safari. Sisi tuko miaka 27,000 ya mwanga, na Jua letu linaizunguka galaksi mara moja kwa miaka kama milioni 230, likishikiliwa na uzito wa nyota zote na maada nyingine iliyo ndani ya njia yake. Majua milioni nne katika jumla hiyo ni kiasi kidogo sana. Lingeondolewa leo usiku, Kigombe pasingebadilika kitu.